Bidoni Moja, Magari Mawili

Jumamosi ya pili ya mwezi wa sita. Upepo mkavu tangu kulipokucha, vumbi jekundu linaingia mpaka ndani ya sukari, baridi ya kiangazi ya hapa Gitega, Burundi, inauma masikio. Angani hakuna wingu.

Hivyo ndivyo nilivyoandika asubuhi ile kwenye daftari langu kabla sijatoka. Yaliyobaki ya siku ile niliyaandika baadaye, kwa vipande, kwa sababu taya lilikuwa limevimba. Shule niliishia la saba, kambini Tanzania tulikokuwa wakimbizi, kwa hiyo sijui kama mpangilio wangu ni mzuri. Nimejaribu tu nisiweke kitu ambacho sikukiona kwa macho yangu.

Mimi ni fundi wa magari. Dada yangu, mdogo wangu wa mwisho, alikuwa aolewe wiki mbili baada ya Jumamosi hiyo, na kijana wa Muyinga. Wazazi wetu wote wawili walibaki kwenye udongo wa Tanzania, kwa hiyo mimi ndiye niliyesimama kama baba yake. Harusi ilikuwa imeshaahirishwa mara moja, kijana alipougua. Dada alikuwa na miaka thelathini na moja na majirani walikuwa wameanza kumsalimia kwa sauti ya pole, kama mtu aliyefiwa. Ikiahirishwa mara ya pili, alikuwa ameniambia, yeye hasubiri mara ya tatu. Anarudi zake Tanzania kulima mashamba ya watu.

Siku ya mahari kwetu kila upande una msemaji, na wasemaji hao wanapigana kwa maneno. Wanachomana kwa adabu, watu wanacheka, chupa zinazunguka. Lakini neno lililotamkwa pale mbele ya watu, hata kama lilikuwa la mchezo, limetamkwa. Hakuna anayelimeza tena.

Msemaji wetu alikuwa patron wangu, yaani bosi mwenye gereji ninayofanyia kazi, Mkongo wa Kivu Kusini anayeuza pia vitenge sokoni. Dada yangu amesimama kwenye duka lake miaka sita na yeye anamwita "mtoto yangu". Msemaji wao alikuwa baba mdogo wa kijana, mzee wa Muyinga mwenye biashara ya kuvuka mpaka, aliyemlea kijana baada ya baba yake kufa. Wote wawili ni watu wa mwili, wote wawili wana hasira za karibu, na wote wawili wana magari ya wakubwa, zile ndefu za chini ambazo ukifunga mlango husikii tena watu wa nje.

Patron alisema, "Mtoto yangu hatatoka kwa nyumba na taxi. Atatoka na ile yangu nyeupe."

"Bibi harusi hufuatwa," mzee akajibu. "Na anayemfuata ndiye analeta gari. Hiyo yako ibaki inabeba marobota."

Watu wakacheka. Patron akacheka pia, lakini shingo ilikuwa imeanza kuvimba. "Bon. Tuzishindanishe basi. Yenye itashindwa ifuate nyuma na masufuria."

Mzee akasimama na glasi yake. "Nimekubali."

Mimi nilicheka pamoja na wengine. Nilidhani imeishia pale. Siku tatu baadaye wakanipigia simu wote wawili, mmoja asubuhi mmoja mchana, na kila mmoja akasema fundi awe mimi, kwa sababu mimi sijui kupendelea. Nikaona fahari. Naliandika hilo kwa aibu, lakini niliona fahari kubwa.

Magari yale nilikuwa nimeshayafungua yote mawili. Nyeupe ni ya Mjapani: injini kubwa ya silinda sita isiyosukumwa na kitu, inavuta pumzi yake yenyewe, inapanda taratibu halafu haichoki. Nyeusi ni ya Mjerumani: injini ndogo kidogo lakini ina turbo, inakandamiza hewa kwa nguvu, na ukiikanyaga inakurusha nyuma kwenye kiti kama mtu amekusukuma kifua. Ya Mjapani ina viti laini zaidi. Ya Mjerumani inashika kona vizuri zaidi. Kabla ya Jumamosi ile, kama ungeniuliza kwa siri, ningesema nyeusi itashinda. Sikuulizwa.

Tatizo lilianzia kwenye esansi, yaani petroli. Patron alisema, "Yeye anaweka tanki kule ng'ambo, kwa pompe ya Tanzania. Mi nakunywa hii ya kuhangaika nayo. Iko haki hiyo?" Alikuwa na hoja. Mafuta hapa yamekuwa shida kwa muda mrefu, mtu anaweka kile anachopata. Nikafikiri usiku kucha, na asubuhi nikaona nimepata jibu la haki kupita yote. Magari yote mawili yaje gereji Ijumaa, niyamwage tanki mpaka pampu inakohoa, halafu kila moja niitilie lita kumi kutoka bidoni moja, dumu moja la plastiki. Kisima kimoja, ndoo moja. Nani atalalamika?

Bidoni nilikuwa nayo ya kwangu. Niliinunua kwa mtu wa baiskeli aliyeitoa Giteranyi, kule kwenye njia za mpakani.

Sasa, kila fundi hapa anajua kwamba mafuta ya bidoni lazima yapimwe. Unadondosha kidogo kwenye kipande cha katoni, unasubiri. Esansi safi inapotea na katoni inabaki kavu. Ikiwa imechakachuliwa, imechanganywa na mafuta ya taa, inaacha duara la mafuta. Kazi ya dakika chache. Nimeifanya kwa wateja mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Ijumaa ile sikuifanya. Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu ananiangalia nikimwaga esansi yake nzuri kwenye beseni, patron amesimama upande wa pili, na mimi nilikuwa naangalia kipimo cha lita, kumi hapa, kumi pale, nisizidishe hata kikombe.

Jumamosi asubuhi kila mtu yuko kwenye kazi za pamoja na jembe lake, na magari hayatembei mpaka zimalizike. Ndiyo maana walichagua saa ile: barabara ya kwenda Karuzi ilikuwa tupu kama imefagiliwa. Patron alitia majembe mawili kwenye buti, akizuiwa aseme anapeleka vifaa. Nakiri kwamba hata mimi nilitakiwa kuwa na jembe mahali fulani asubuhi hiyo.

Nilipima mita mia nne kwa kamba, nikamwaga mstari wa chokaa mwanzo na mstari wa chokaa mwisho. Bwana harusi alisimama mwanzo na kitenge cha kuangusha. Hakupenda kazi ile. Alikuwa ameniambia pembeni, "Kaka, haya mambo yanaenda wapi?" Nikamwambia yanaenda mita mia nne. Mimi nilisimama mwisho na simu ya kupimia muda, na daftari. Masharti yangu yalikuwa haya: mbio mbili za tambarare, wabadilishane upande, baada ya mstari wa mwisho kila mmoja akanyage breki hapohapo, nami nihesabu hatua mpaka gari iliposimama, halafu mbio moja ya kupanda kilima. Ile ya breki niliiweka mimi mwenyewe. Wao walitaka mbio tu. Waliniitikia kama unavyomwitikia mtu wa duka anayekuongezea kibiriti.

Kitenge kikaanguka.

Sijawahi kuona kitu kizito kikitoka vile. Magurudumu ya nyuma ya nyeusi yalikula lami yakalia, moshi ukatoka, ikatangulia kwa urefu mzima wa gari. Halafu, katikati, ikawa kama mtu ameikamata mkia. Nyeupe ikaja pembeni yake ikinguruma sauti moja tu, ikaipita, ikavuka chokaa mbele kwa boneti nzima. Upepo wao ukanipiga usoni na changarawe. Nyeusi ilikanyaga breki ikazama pua, ikasimama. Nyeupe ikaendelea.

Kulikuwa na mbwa. Wa njano, mwembamba, asiye na mwenyewe, alikuwa anavuka kuwafuata watu wenye majembe. Patron alikanyaga, niliona taa nyekundu zimewaka, magurudumu yakaburuta, na mbwa akaenda juu akageuka hewani akaanguka kwenye mtaro. Hakulia. Watu wa majembe wakasimama kuangalia. Mimi nilihesabu hatua. Hilo nalo naliandika: mbwa anakufa, na mimi natembea nahesabu hatua mpaka gurudumu, kwa sauti, nisikosee.

Mbio ya pili walibadilishana upande. Ikawa vilevile. Na safari hii nilisikia. Nyeusi ilipofika katikati ilianza kugonga ndani, tak-tak-tak, kama mtu anatikisa kokoto kwenye kopo. Hapa ndipo dhamiri yangu inapokwama mpaka leo. Fundi akisikia mlio ule anajua. Injini yenye turbo ikipewa mafuta mabaya inagonga, na kompyuta yake inajipunguzia nguvu ili isijiue. Mimi nilisikia, na nikajiambia ni vumbi kwenye kichujio cha hewa. Nilitaka iwe vumbi? Nilimpendelea patron, mtu anayenilisha? Nimejiuliza mara nyingi. Sijui. Ningekuwa najua ningeandika.

Kwenye kilima nyeusi iligonga tangu chini mpaka juu na nyeupe ikaiacha kabisa. Walipokutana kule juu, nilikokuwa nawasubiri na bwana harusi, patron alishuka akiwa anafuta macho kwa kucheka.

"Mzee, ile iko gari ao iko mashine ya kusaga muhogo? Nimesikia ka-ka-ka, nikasema nani anatwanga huku nyuma?"

"Umecheza na gari yangu," mzee alisema. Hakumsemesha patron. Alikuwa ananisemesha mimi. "Jana niliileta nzima. Umeifanya nini?"

"Nimetia lita kumi, mzee, kama ya mwenzako. Ulisimama pale."

"Zoeana na masufuria," patron akasema. "Tutakutafutia yenye mifuniko."

Mzee alimpiga kwa kichwa chake usoni. Naandika hivi kwa haki: wa kwanza kuinua mwili alikuwa mzee, wa kwanza kutukana alikuwa patron. Pua ya patron ilipasuka kwa sauti niliyoisikia, damu ikamwagika kwenye shati jeupe mpaka mkanda. Akarudi nyuma hatua mbili, akafungua buti, nikadhani anachukua jembe. Akachukua spana ya tairi. Alipiga kioo cha mbele cha nyeusi mara tatu. Mara ya kwanza kikawa cheupe, mara ya pili kikazama, mara ya tatu spana ikabaki imesimama ndani yake. Mzee akaingia garini akiwa na vipande vya kioo mapajani, akarudisha nyuma, na ndipo nilipoona nguvu yote ya gari ile, ambayo siku ile haikuwa nayo kwenda mbele lakini ilikuwa nayo kurudi nyuma. Iligonga ubavu wa nyeupe ikaisukuma upande. Akaenda mbele, akarudi, akaigonga tena palepale. Mlango ulikunjika kama bati la sardini. Bampa yake mwenyewe ikang'oka.

Bwana harusi alikimbia akashika mkono wa baba yake mdogo kupitia dirishani. Akapigwa kofi la mgongo wa mkono, mdomo ukachanika. Patron akaja na spana, ameshaichomoa. Mzee akashuka. Mimi nikaingia katikati.

Kilichonipiga kilikuwa chuma. Upande wa kushoto, chini ya sikio. Wakati ule wote wawili walikuwa wameishika ile spana, wanavutana. Sikuona ni mkono wa nani ulioisukuma, kwa hiyo sitaandika ni wa nani. Nilianguka magoti, nikatema jino kwenye lami. Lilikuwa refu kuliko nilivyofikiri.

Waliacha waliponiona. Mzee alimshika kijana kwenye ukosi akamtupa kiti cha mbele. Kisha akasimama juu yangu, anahema.

"Mwambie dada yako harusi imekufa. Ameiua kaka yake."

Akaondoka kwenda Muyinga bila kioo, na upepo wa kiangazi unamwingia usoni.

Nyeupe ilikuwa inatembea bado, mlango umefungwa kwa kamba yangu ya kupimia. Tuliifikisha gereji, na patron akaenda kutafuta mtu wa kumnyoosha pua. Nilibaki peke yangu na mikono iliyojaa damu na grisi. Sisi mafundi tunanawa kwa esansi. Nikachukua bidoni, nikamwaga kidogo ya ile iliyobaki kwenye viganja, nikasugua, nikasubiri ile baridi, maana esansi inakauka ikikupuliza. Haikukauka. Viganja vikabaki vinateleza kama nimeshika ngozi ya kuku.

Nikanusa. Nikachukua katoni, nikadondosha, nikakaa chini kwenye tairi na kuitazama. Duara lilibaki. Jua liliipiga, duara likabaki.

Sisemi kwamba yule wa baiskeli ndiye aliyechanganya. Huenda naye aliuziwa hivyo. Nasema kwamba mimi ndiye niliyemwaga mafuta safi ya mzee kwenye beseni, na mimi ndiye niliyemtilia haya. Haki yangu ya bidoni moja haikuwa haki. Nyeupe inayameza mafuta ya taa, inatoa moshi kidogo, inaendelea. Nyeusi haiwezi. Niliyapa magari mawili sumu ileile, na nikamtangaza mshindi yule mwenye tumbo gumu.

Dada alikuwa nyumbani, anapima viatu vya harusi juu ya mkeka ili visichafuke. Alitazama taya langu, akatazama mlango kuona kama kuna mtu nyuma yangu. Nikamwambia yote kwa mpangilio: mbio, kilima, kichwa, spana, maneno ya mzee. Halafu nikamwambia ya bidoni. Hakulia. Alinyoosha mkono nimpe daftari, akasoma ukurasa wa asubuhi ile, sekunde zangu na hatua zangu, mistari imenyooka.

"Ulikuwa unapima magari," akasema, "au ulikuwa unanipima mimi?"

Akanirushia daftari usoni. Kona yake ikaingia palepale palipovimba, nikaona nyota.

"Nilikuwa natafuta haki," nikasema.

"Basi ipeleke Muyinga. Ukirudi bila harusi, kaka, usirudi kwenye nyumba hii. Utanikuta nimefunga mizigo."

Nilimjua dereva mmoja wa lori anayepanda Muyinga na mchele, akanichukua mbele. Nilibeba daftari, bidoni yenye lita kama mbili na kile kipande cha katoni ndani ya bahasha ya plastiki. Dereva aliniuliza nani amenipiga. Nikamwambia sina uhakika. Alinitazama, akarudisha macho barabarani.

Saa kumi na nusu nilikuwa kwenye ua wa mzee. Nyeusi ilikuwa imesimama katikati ya ua, boneti wazi, na mzee anagonga bati la nyuma kwa nyundo kulirudisha mahali pake. Kijana alikuwa anaimwagia gari maji kwa kopo kutoa vumbi, mdomo umeshonwa nyuzi mbili. Mke wa mzee alikuwa mlangoni anachambua maharagwe kwenye ungo. Mzee hakuacha kugonga.

"Umekuja kuhesabu nini tena, mkwe?"

"Nimekuja kusema kosa langu, mzee."

Nyundo ikasimama. Niliweka bidoni chini, nikafungua. Nilimweleza. Hakunikatiza. Alinusa, akachovya kidole, akasugua, akachukua katoni akaiinua kwenye jua. Halafu akachukua katoni yake mwenyewe, akadondosha upya, akakaa juu ya ndoo akisubiri, na sisi sote tukasubiri, mama na ungo wake, kijana na kopo lake. Duara likabaki. Mzee amevusha mafuta mpakani miaka mingi kuliko niliyoshika spana. Alielewa kuliko mimi.

"Hii ndiyo niliyokunywa?"

"Gari ilikunywa, mzee. Mimi niliinywesha."

Akatoa simu, akampigia patron, akaiweka sauti nje juu ya boneti.

"Allô? We mzee, umenivunja pua na umenivunja gari, na sasa unataka na sikio?" Sauti ilikuwa inapitia kwenye pamba.

"Nyamaza. Sikiliza fundi wako."

Nikasema tena yote. Patron akauliza: "Fundi, we ni wa nani? Nyeupe haikukunywa ileile?"

"Ilikunywa ileile, patron. Lakini yako inavumilia. Yake haivumilii. Kwa hiyo kipimo chote cha mbio kimeharibika. Nimekifuta."

"Umefuta ushindi yangu."

"Nimeufuta."

Mzee akanisogelea. "Sasa malizia. Sema nyeusi ilishinda."

"Siwezi, mzee. Sijui."

Nyundo ilishuka kwenye bati la mbele, shubiri moja kutoka mkono wangu. Rangi ikaruka ikanipiga shavuni.

"Sema."

"Kwa mafuta safi naamini ingeshinda. Lakini sikuliona kwa macho."

"Kaka," kijana akasema kwa mdomo ulioshonwa, "sema tu. Ni neno moja."

Ni kweli lilikuwa neno moja. Dada alikuwa amekaa kwenye mkeka na mizigo yake, na lile neno lingemfungulia mlango. Nimejiuliza kama nilinyamaza kwa sababu ya ukweli au kwa sababu ya ile fahari yangu ya kuitwa mwenye haki. Huenda vyote viwili. Najua tu kwamba ulimi ulikataa. Nyundo ikapanda tena, na safari hii mzee hakuwa anaangalia bati.

"Mzee, kuna kipimo kimoja hakijaharibika," nikasema. "Mafuta hayahusiani na breki."

"Breki gani?"

"Ulipovuka chokaa, ulisimama hatua thelathini na nane. Mbio ya pili, thelathini na saba. Nyeupe, hamsini na moja, na mara ya pili hamsini." Nilifungua daftari nikaweka juu ya boneti, karibu na simu. "Nilihesabu zote kwa miguu hii. Na nyeupe ilikuwa inakwenda kasi kidogo zaidi ilipovuka, lazima niseme hilo pia. Lakini si kasi ya hatua kumi na tatu. Hilo nina hakika nalo. Kwenye kusimama, nyeusi ilishinda."

Mzee alishusha nyundo. Akasoma, akasogeza kidole mstari kwa mstari, akarudia.

"Kwa nini hukusema asubuhi?"

"Hakuna aliyeuliza."

Simu ikakohoa. "Ile mbwa," patron akasema polepole. "Ile nakubali. Mi nilikanyaga mpaka chini, yenyewe ikaendelea tu. Mpaka sasa naisikia kwa mguu."

Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye kopo la kijana.

"Wewe Mkongo," mzee akasema. "Kutoka Gitega mpaka hapa, milima yote ile, baiskeli za ndizi, mbuzi, watoto. Huyo unamwita mtoto wako. Unataka abebwe na hii ya thelathini na nane, au ile yako ya hamsini na moja?"

Patron akapumua kwa mdomo. "Mzee, usinisukume. Pua inauma." Halafu: "Bon. Apande nyeusi. Lakini weka kioo. Na mi nakaa mbele, pembeni ya dereva."

"Utakaa nyuma na masufuria."

"Nitakaa mbele ao nakuja kuvunja taa."

"Njoo uvunje," mzee akasema, na nilisikia, sikukosea, kwamba alikuwa anazuia kicheko. Akakata simu.

Kisha akanigeukia akanipiga kofi la wazi, la nguvu, kichwa kikageuka nikaona ukuta.

"Hiyo ni ya bidoni," akasema.

Alinipiga kulia, upande usiovimba. Hilo naliandika kwa ajili yake. Kisha akanipa nyundo, akaniambia bati la nyuma limemshinda, nilimalizie kabla giza halijaingia. Kijana alikimbia nje ya lango kumpigia dada. Alizungumza amenipa mgongo, na nilipomwona anakaa chini ghafla kwenye jiwe, simu bado sikioni, nilijua mizigo inafunguliwa.

Sikuweza kusafiri jioni ile. Nilikula kwa mzee. Kulikuwa na ugali wa muhogo, maharagwe yaliyopikwa na mawese, na ndagala, dagaa wa ziwani, waliokaangwa na vitunguu. Mzee alikula vizuri. Kijana na mimi hatukuweza kutafuna, yeye kwa sababu ya mdomo na mimi kwa sababu ya taya, kwa hiyo mama alitumiminia mchuzi wa maharagwe kwenye bakuli moja, tukalowanisha ugali humo na kumeza polepole, kila mmoja upande wake.